Transista za Bulle

Pasta Njiru alikuwa anamtoa Lazaro kaburini wakati amplifaya ilipokufa. Kulisikika "pa" kavu, kama njugu ikipasuka kwenye karai, kisha harufu ya kuungua ikaenea mpaka viti vya kina mama. Pasta aliendelea kwa koo lake mwenyewe, lakini kanisa lile la mabati, upande wa Kaaga, ni refu, na mvua ilikuwa imeanza kugonga paa. Waliokaa nyuma hawakujua kama Lazaro alitoka au alibaki. Vijana wakacheka chini kwa chini, na vichwa vikaanza kugeuka kumtafuta fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa Runji, na mkewe Karambu, aliyekaa safu ya tatu na kina mama wenzake, aliinamisha macho akajifanya anatafuta andiko. Amplifaya ile Runji aliitengeneza kwa mikono yake, akaitoa kwa kanisa kama sadaka, ikaombewa mbele ya madhabahu, watu wakapiga makofi. Tangu hapo haikuwahi kufika mwisho wa ibada.

Haikuwa ya mtindo wa zamani, zile nzito za kubebwa na wanaume wawili. Hii ilikuwa ya kisasa, ile mafundi huiita ya swichi: transista zake mbili hupokezana kazi, moja ikifungua nyingine inafunga, haraka kuliko mtu anavyoweza kufikiria. Ni nyepesi, haili umeme mwingi, na kelele yake haifanani na udogo wake. Lakini hizo transista zikishindwa kupokezana vizuri, zinapasuka papo hapo. Runji alikuwa amejifunza kuziunda kwa video za simu na kwa kuunguza vidole, na Makutano nzima hakukuwa na mwingine aliyethubutu.

Baada ya ibada walikusanyika mbele. Mama Kinoti, mwenyekiti wa kina mama, alikuwa keshakitoa kitambaa cha kufunikia amplifaya na kukikunja pamoja na vitambaa vya meza ya Bwana. Karambu ndiye aliyekifuma, kwa uzi mweupe, na kukitia bitana ya satini nyekundu ili maua yaonekane vizuri. Runji alifungua mfuniko kwa bisibisi, akagusa miguu ya transista kwa mita ya kupimia umeme. Mita ikalia mfululizo. Zilikuwa zimekufa zote mbili, moja imepasuka tumbo.

"Runji, hii kitu yako inatuaibisha," alisema Mzee Kinyua. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, na pia mwenye nyumba kadhaa za kupangisha kule Makutano. "Leo tulikuwa na wageni wametoka Embu. Wataenda kusema nini?"

"Mzee, kazi yangu iko sawa. Nyumbani inapiga kutwa nzima na haizimi."

"Kwa hivyo ni hapa kanisani kuko na pepo?"

Watu walicheka. Runji hakuwa mtu wa kuchekwa. Alikuwa ameondoka Runyenjes kijana mdogo, akaja Meru asikojulikana na mtu, na kitu pekee alichokuwa nacho ni kwamba akikushikia redio yako inapona. Karambu aliuona mkono wake ukitafuta mahali pa kushika. Kisha ukainua ile transista iliyopasuka juu, kila mtu aione.

"Ni hizi. Niliuziwa feki."

"Na nani?"

Karambu aliomba moyoni aseme hajui.

"Si huyo Bulle," Runji alisema.

Watu waliguna, na yalikuwa maguno ya kuridhika, ya watu walioambiwa jambo ambalo tayari walikuwa wanalingojea. Mzee Kinyua alitikisa kichwa. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Bulle alikuwa Msomali, na duka lake lilikuwa Makutano, katika jengo la huyo huyo Mzee Kinyua: nyaya, balbu, soketi, na ukuta mzima wa vidroo vya vipuri vidogo vidogo. Meza ya Runji ilikuwa barazani, ubavuni mwa mlango. Bulle aliuza, Runji alitengeneza. Mteja wa huyu alikuwa mteja wa yule. Katika miaka yote waliyokaa hivyo Bulle hakuwahi kumdai kodi ya baraza. Alikuwa akisema fundi mlangoni ni bora kuliko bango.

Jumatatu iliyofuata Karambu alipopeleka chakula cha mchana alikuta watu wamejaa barazani. Runji alikuwa amemwaga transista zilizoungua juu ya kaunta.

"Rudisha hii takataka yako," alikuwa akisema.

Bulle alichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaiweka chini taratibu. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa kusema. "Fundi, sikia. Hii imetoka kwa boksi moja. Fundi wa Laare amechukua, wa Maua amechukua, hakuna amerudisha. Wewe leta mashine hapa, tufungue pamoja, tuangalie inakufa kwa nini. Kama ni makosa yangu, wallahi, hasara nitabeba."

"Nikufungulie mashine wewe? Wewe kazi yako ni kuuza. Utaniambia nini juu ya sakiti?"

"Sitakuambia. Nitaangalia tu na wewe."

"Nyinyi watu mnajua kuuza peke yake. Mtu akiungua ni shauri yake."

Kijana mmoja alikuwa ameinua simu anarekodi.

"Nyinyi watu," Bulle alirudia. "Fundi, mke wako akishikwa na uchungu wa kumzaa Ciku, gari ilimpeleka hospitali ni ya nani? Siku hiyo nilikuwa Bulle. Leo nimekuwa nyinyi watu?"

Runji aligeuka akaanza kukusanya vifaa vyake. Nyuma ya kaunta alikuwa Ikran, mke wa Bulle, aliyekaa na Karambu wadi ya uzazi mpaka alfajiri, akimkanda mgongo. Alimtazama tu Karambu, akingoja neno lake, hata dogo tu. Karambu aliweka hotipoti ya githeri juu ya meza ya mumewe, akaukaza mfuniko wake ambao haukuwa umelegea, akaenda zake. Njia nzima alikuwa anajitukana.

Ile video ilizunguka kwenye simu za watu kuliko mahubiri yoyote. Mafundi waliokuwa wakinunua kwa Bulle wakaanza kuvuka barabara kwenda kwingine. Mtu aliyeunguliwa na pasi yake ya zamani aliirudisha dukani akidai soketi ilikuwa feki. Runji alihamia nyumbani na vifaa vyake, akaigeuza sebule karakana, akaagiza transista nyingine kutoka Nairobi. Alibadilisha kila kitu kilichobadilishika. Alifupisha nyaya, akasuka koili upya, akachomelea upya kila ungio kwa risasi mpya ya kulehemu. Aliijaribu mfuniko ukiwa wazi, kwa spika ndogo, na ilipiga nyimbo za kwaya tangu asubuhi mpaka jirani akaja kulalamika. Jumapili akaipeleka kanisani. Wakati wa sadaka ikasema "pa".

Transista hizo zilikuwa za Nairobi. Karambu alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kuchukua kifurushi steji ya mabasi. Alisimama karibu kabisa Mzee Kinyua alipomuuliza mumewe kulikoni tena.

"Ni zile zile za Bulle, mzee," Runji alijibu bila kumtazama mkewe. "Nilikuwa nimebakisha mbili, nikafikiri labda zitashika."

"Huyo mtu atoke kwa nyumba yangu," alisema Mzee Kinyua. "Siwezi kuwa mzee wa kanisa nimeweka mwizi." Wiki hiyo hiyo Bulle akapewa notisi ahame mwezi ukiisha. Wako waliosema mpwa wa mzee alikuwa amelitamani duka lile siku nyingi. Huenda ni kweli, lakini mtu akitaka kukufukuza, kumpa sababu ya kimungu ni kumrahisishia kazi.

Nyumbani Karambu alijaribu. "Baba Ciku, mbona ulisema ni za Bulle?"

"Na Nairobi pia kumejaa feki. Tofauti ni gani?"

"Tofauti ni kwamba Bulle anafukuzwa."

"Nipatie hiyo koleo," Runji alisema.

Ilikuwa zamu ya Karambu kufua vitambaa vya kanisa. Alivipanga karibu na mfereji, vile vya meza ya Bwana kwanza, halafu cha amplifaya. Alipokigeuza ili asugue bitana, mkono ulisimama. Satini nyekundu ilikuwa imebadilika rangi. Ilikuwa na madoa ya kahawia, kama ya pasi iliyozidi moto, na madoa hayo yalikuwa yamejipanga mistari kwa mistari. Karambu alikuwa amepangusa vumbi la amplifaya ile mara nyingi kiasi cha kujua mistari hiyo ni ya nini. Ilikuwa ni matundu ya juu ya mfuniko, yale Runji aliyatoboa kwa drili moja moja ili joto litoke.

Alikaa chini pale pale kwenye majani mabichi. Nyumbani kwake televisheni ilikuwa na kitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, hata mtungi wa maji ulikuwa na wake. Kitu cha thamani kinafunikwa. Ndivyo alivyolelewa Nkubu na ndivyo wanavyofanya wanawake wote anaowajua. Runji alikiona kitambaa kile juu ya amplifaya kila Jumapili kama anavyoviona vya sebuleni kwake, yaani hakukiona. Na akitaka kuijaribu mashine, jambo la kwanza ni kuondoa mfuniko.

Alimpelekea kikiwa kikavu.

"Angalia hii."

Runji aliangalia, akacheka. "Kitambaa? Karambu, hii mashine ni umeme wa maelfu ya mara kwa sekunde moja, wewe unaniletea krosheti?"

"Jaribu tu. Spika za kanisa si ulizileta hapa uzipime? Funga mfuniko, weka kitambaa, upige vile inapigwa kanisani."

Alijaribu, nusu kwa kumridhisha. Alikuwa na jozi moja ya transista za Nairobi na jozi ya mwisho aliyonunua kwa Bulle. Alitia za Nairobi, akafunga, akaunganisha spika kubwa, Karambu akakilaza kitambaa kama anavyokilaza siku zote, ncha zikining'inia pande zote sawasawa. Kwaya ikaanza kuimba. Baada ya muda Runji aliingiza kiganja chini ya kitambaa, akakitoa haraka. Hakucheka tena. Walikaa wote wawili wakiitazama, na katikati ya kibwagizo ikasema "pa".

Kisha akatia za Bulle. Safari hii kitambaa kilibaki mapajani mwa Karambu. Mashine ilipiga kwa sauti ile ile, mfuniko umefungwa, spika zile zile, mchana kutwa mpaka Karambu akaja kusonga ugali huku vikombe vikitetemeka kabatini. Runji alikuwa akiweka kiganja juu ya matundu kila mara, na joto lilikuwa linatoka vizuri, la kawaida. Mwishowe akaizima mwenyewe.

"Zinapata joto, zinachelewa kufunga," alisema, kama anayemsomea mtu mwingine. "Zikichelewa kufunga zinapata joto zaidi. Basi zinapasuka."

"Za Bulle ni nzuri," Karambu alisema.

"Ni nzuri."

"Tunaenda kwake kesho."

Runji alianza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Tukaseme nini?"

"Hivyo umesema saa hii. Kwamba ni kitambaa. Sema ni mimi nilikifuma, sioni haya."

"Na mimi je? Watu waseme fundi Runji, wa swichi, amepigwa na kitambaa cha mama? Wataniletea redio tena?"

"Wataleta. Watacheka wiki moja halafu watachoka."

"Wewe huwajui watu wa Makutano. Mimi hapa sina shamba, sina ukoo. Niko na jina tu." Aliisukuma mita kando. "Bulle ako na ndugu Isiolo, ako na ndugu Maua. Ataanza tena. Mimi jina likiharibika nitarudi wapi? Nirudi Runyenjes nikae nyuma ya nyumba ya kaka yangu?"

"Lakini Bulle hakufanya kitu."

"Najua hakufanya kitu," Runji alisema kwa uchungu wa kweli. "Hii maneno ibaki hapa ndani, Mama Ciku. Nakuomba."

Karambu alimwonea huruma. Alikuwa hajawahi kumsikia akiomba. Alijiambia amwachie siku chache, dhamiri itamsukuma mwenyewe kabla mwezi haujaisha, na huko kumwachia ndiko kulikokuwa kosa lake la pili.

Dhamiri haikumsukuma. Alichofanya ni kufunga feni ndogo ya kompyuta ubavuni mwa mashine isukume joto nje, na kuinua wavu wa chuma juu ya mfuniko ili mtu asiweze kulaza chochote. Jumapili amplifaya ilipiga nyimbo, matangazo, mahubiri na sadaka bila hata kukwaruza. Ndani yake mlikuwa na transista za Bulle.

Pasta Njiru alimsimamisha Runji. "Fundi wetu alihangaika mpaka Nairobi akatafuta vifaa vya halali," alisema. "Mnaona vile Mungu anabariki tukijitenga na wadanganyifu?" Kanisa lilipiga makofi. Runji alitabasamu na kukaa haraka, kama mtu anayeogopa picha.

Kukafuata wakati wa shuhuda. Karambu alijikuta amesimama, tena anatembea, tena ameshika maikrofoni. Hakuwahi kuongea mbele ya watu wengi namna ile, na sauti yake iliporudi kutoka kwenye spika, kubwa na safi, ilimtisha yeye mwenyewe.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Ciku. Nataka kusema ukweli. Ile amplifaya haikuharibiwa na Bulle. Ni kitambaa changu. Nilikitia bitana, kikaziba matundu, joto likakosa pa kutokea. Tulijaribu nyumbani tukaona. Hata saa hii inapiga na transista za huyo Bulle. Hakutuibia. Anafukuzwa bure."

Kanisani ilisikika feni ya amplifaya ikizunguka. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Kinoti, kutoka kitini. "Kwa hivyo ni sisi kina mama tuliharibu? Kitambaa kilinunuliwa uzi na mchango wetu, tena kikaombewa."

"Sijasema nyinyi. Nimesema ni mimi."

Mzee Kinyua aligeuka. "Runji. Wewe ndio fundi. Ni ukweli?"

Karambu alimtazama mumewe. Kila mtu alimtazama. Runji alisimama polepole, akavuta koti lake chini, na kwa muda mfupi Karambu aliamini kabisa kwamba ataisema kweli, kwamba wataondoka hapo wote wawili wamepungukiwa na heshima lakini wakiwa watu.

"Mke wangu ananipenda," Runji alisema. "Ameona vile nimeteseka na hii mashine, sasa anataka kunibebea lawama. Mambo ya umeme haelewi. Lakini nashukuru Mungu kwa mke kama huyu."

Makofi yaliyopigwa yalikuwa mengi kuliko yale ya kwanza. Akina mama walisema ameni. Pasta Njiru alimshika Karambu bega kwa upole, akamtoa maikrofoni mkononi, akasema hiyo ndiyo ndoa ya Kikristo, vijana waige. Kisha wakaimba. Karambu alirudi kitini huku mikono ya wanawake ikimpapasa mgongoni njia nzima, na hakuwahi katika maisha yake kuaibishwa kama alivyoaibishwa na mapenzi yale.

Hakungoja chai ya kanisa. Alimwacha Ciku na mama mmoja, akashuka kwa miguu mpaka Makutano.

Lori dogo lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka. Bulle alikuwa ndani, anatoa vidroo ukutani kimoja kimoja na kuvifunga kwa utepe ili vipuri visimwagike. Alimwona, akamsalimia kwa kichwa kama anavyomsalimia mteja yeyote, akaendelea na kazi. Baraza lilikuwa limefagiliwa. Mahali pa meza ya Runji hapakuguswa. Mzee Kinyua alikuwa amekwisha kumwambia Runji arudi, huyo mpwa atahitaji fundi mlangoni.

Ikran alikuwa kando ya lori, amesimamia kabati ya vioo.

"Nimesema," Karambu alianza. "Leo, kanisani, mbele ya wote. Nimesema ni kitambaa, nimesema transista zenu ni nzuri. Nimewaambia, Ikran."

"Na wakasemaje?"

Karambu alianza kukunja ncha ya leso yake.

"Naam," Ikran alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Karambu angeipokea hasira kwa mikono miwili. "Siku ile nilikuangalia dukani. Siku ile walikuwa watu kumi tu hapa, na ungesema neno moja tu, kwamba huyu tunamjua. Sikutaka kitambaa. Nani alijua habari ya kitambaa?"

Machozi yalimtoka Karambu bila sauti, akashindwa kuyazuia. Watu waliokuwa wakitoka makanisani walikuwa wanapita, wakipunguza mwendo ili watazame. Mmoja alikuwa tayari ameitoa simu.

Ikran aliwaona. Akashika upande wake wa kabati, akamwita mpakizi ashike upande wa pili.

"Nenda ulie kwako, Mama Ciku," alisema. "Ukilia hapa, watasema tumekuibia na wewe."

Karambu alijifuta kwa ncha ya leso, akasogea kando, wakapita na kabati.